CHOMBO KIWE MKONONI MWA ANAYECHIMBA

Ndugu wafanyi kazi,

Sisi watu wa Wema tulioajiriwa relini twaandika habari ya jambo linalomhusu kila mshika sururu, awe katika njia ya reli, barabarani au katika mitaro ya maji. Jambo lenyewe ni mabomba na nyaya zilizofukiwa ardhini, na chombo cha umeme cha kuzitafuta. Rai yetu ni hii: chombo hicho kiwe mkononi mwa gengi linalochimba, na saa za kukitumia zilipwe kama saa za kazi.

Reli ya kwanza ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, waya wa simu ulipita juu ya nguzo, na kila mtu aliuona. Siku hizi mambo mengi yamezikwa. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina nyaya za mawasiliano zilizolala chini kando ya njia. Huko vijijini nako bomba la maji hupita chini ya kichochoro, na miaka michache baadaye hakuna mgeni awezaye kusema limepita wapi.

Chombo chenyewe kina sehemu mbili. Moja hutia mkondo mdogo wa umeme katika waya au bomba la chuma. Ya pili hushikwa mkononi, hupitishwa juu ya ardhi, nayo hulia ifikapo juu ya kitu hicho. Waya wa stima unaotumika waweza kusikika hata bila sehemu ya kwanza, kwa sababu umeme wetu hugeuka mara 50 kila sekunde, na chombo husikia mgeuko huo.

Hatukatai kwamba ni chombo kizuri. Lakini wako mabwana waliokifanya hirizi. Hupitishwa mara moja asubuhi, kisha hurudishwa garini, nasi tukaambiwa, "Chimbeni, hapana kitu." Ndugu, chombo kikinyamaza si kusema hapana kitu. Waya ulio na stima lakini mwisho wake hakuna taa wala mashine inayotumia, unaweza usisikike kwa njia ile ya pili, na bado ukamwua mtu. Nyaya mbili zikilala karibu, mlio wa moja huhamia kwa nyingine. Na bomba la plastiki halilii kabisa, maana halipitishi umeme.

Hapo ndipo yatugusa sisi wa Wema. Mabomba mengi ya maji ya vijijini siku hizi ni ya plastiki. Kiko chombo cha namna nyingine, kinachopeleka mawimbi ardhini na kuyapokea yakirudi, nacho huweza kuona plastiki penye mchanga mkavu. Lakini udongo wetu wa Tana ni mweusi, wa mfinyanzi, na ukilowa huyameza mawimbi hayo kabla hayajafika mbali. Tena mafuriko yakija, kama yale ya 1961, ya 1997 na ya 2023, maji huchukua vigingi vya alama na kuacha tope tupu. Mafundi wakija kutoka mbali na chombo chao, na wawaulize kwanza wenyeji walioshika majembe siku mtaro ulipochimbwa. Hao ndio ramani.

Kwa hiyo kazi salama ina hatua zake. Kwanza ramani na wenyeji, pili chombo, tatu shimo dogo la kujaribia, lililochimbwa kwa beleshi polepole mpaka kitu kionekane kwa macho. Katapila ije baadaye. Lakini nani atachimba shimo la kujaribia ikiwa analipwa kwa mita? Kibarua wa kazi ya kipande akisimama nusu saa kungoja chombo, nusu saa hiyo imetoka katika unga wa watoto wake. Mwajiri asemaye "usalama kwanza" na huku analipa kwa mita, amesema maneno mawili yanayopingana, na kibarua hulisikia lile la mshahara.

Liko na jambo la kuficha. Bomba likikwaruzwa, watu hulifukia haraka, kwa kuogopa kukatwa mshahara au kufukuzwa. Hofu hii ni hatari kuliko sururu. Huko Ghislenghien, nchi ya Ubelgiji, bomba la gesi lilikuwa limejeruhiwa na mashine katika kazi ya ujenzi. Halikupasuka siku ile. Lilipasuka tarehe 30 Julai 2004, na watu 24 wakafa, wakiwamo wazima moto waliokuja kusaidia. Mkwaruzo ulioripotiwa ni gharama ya fundi na kiraka. Ule uliofichwa ni deni linalolipwa kwa roho za watu wengine.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yatupa nguvu hapa. Mfanyi kazi akiona hatari kubwa imlipe msimamizi wake habari, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo hatari ikiwa ingalipo. Wala hana haki ya kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika kwamba mahali pa kazi si salama. Kila mwenye kuchimba na aijue sheria hii.

Basi twaomba wajumbe wetu wapeleke mezani mambo manne. Kila gengi la kuchimba lipewe chombo, na watu wake wawili wafundishwe kukitumia. Siku za kutafuta na kuchimba shimo la kujaribia zilipwe kwa siku, si kwa mita. Aripotiye mkwaruzo asikatwe hata senti. Na kila bomba jipya la plastiki lizikwe pamoja na waya mwembamba wa shaba juu yake, ili chombo kipate cha kusikia. Waya huo ni gharama ndogo mtaro ukiwa wazi. Mtaro ukisha kufukiwa, hakuna awezaye kuutia.

Tusingoje mpaka mwenzetu azikwe ndipo chombo kitolewe garini. Umoja ni nguvu.

Ni sisi watu wa Wema tulio relini.