Mwanga Hutangulia, Ngurumo Hufuata



Mvua zinapoanza huku kwetu Ngara na Biharamulo, radi huwa nyingi, kwani nchi zilizo karibu na Ziwa Viktoria ni miongoni mwa zile zipigwazo sana na radi duniani. Msimu mmoja mbuzi wa jirani yetu walikufa chini ya mwembe wakati wa mvua. Mizoga haijafukiwa bado, watu walikwisha kuulizana: "Nani aliyeituma?" Jioni ile mwanafunzi wetu mmoja wa madrasa alituuliza swali lililo bora zaidi: "Mwalimu, kwa nini tuliuona mwanga kwanza, ndipo tukaisikia ngurumo?" Mwezi huu twapenda kumjibu kijana huyo, na jibu lake litawafaa na wale wengine.

Kwanza tujue wimbi ni nini. Tupa kijiwe katika dimbwi lililotulia, ambalo jani laelea juu yake. Viduara vitaenea mpaka ukingoni, lakini jani litapanda na kushuka pale pale lilipo. Basi wimbi si maji yanayosafiri, bali ni mtikisiko upitao ndani ya maji. Umbali wa kutoka mgongo wa wimbi moja hata mgongo wa linalofuata huitwa urefu wa wimbi. Hesabu ya mawimbi yapitayo mahali pamoja kwa sekunde moja huitwa masafa, neno tulisikialo redioni kila siku.

Sauti nayo ni wimbi, ila yenyewe hutikisa hewa, na pasipo hewa au kitu kingine cha kutikisika haiendi kokote. Mwendo wake ni kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Mwanga ni wimbi la namna nyingine, wimbi la sumakuumeme. Huo hauhitaji hewa. Ndiyo sababu nuru ya jua yatufikia kupitia anga tupu. Mwendo wake ni kiasi cha kilomita 300,000 kwa sekunde.

Sasa tutazame radi. Ndani ya wingu, chembe za barafu na matone ya maji hugongana na kusuguana hata umeme ukajikusanya. Ukizidi, huruka ghafla kutoka wingu hadi wingu, au kutoka wingu hadi ardhini. Hewa iliyo katika njia yake hupata joto la nyuzi kama 30,000 za Selsiasi, hutanuka kwa nguvu, na kishindo cha kutanuka huko ndicho ngurumo. Mwanga na ngurumo, basi, huzaliwa pamoja. Mmoja hukimbia sana, mwenzake hujikokota nyuma.

Tena yuko mjumbe wa tatu. Washa redio ya masafa ya kati au masafa mafupi siku ya mvua: utaisikia ikikwaruza mara tu umeme unapomulika, kabla ya ngurumo kufika. Mkwaruzo huo ni mawimbi ya redio yaliyotoka katika radi ile ile, nayo hufika pamoja na mwanga kwa kuwa ni ndugu wa baba mmoja. Mskoti James Clerk Maxwell alieleza udugu huo kwa hesabu mwaka 1865, na Mjerumani Heinrich Hertz akauthibitisha kwa majaribio mwaka 1888.

Ukoo huo ni mkubwa, na tofauti yao ni urefu wa wimbi. Mawimbi ya redio ni marefu. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi, hutangaza kwa FM, ambayo wimbi lake lina urefu wa kama mita 3. Wimbi hilo huenda karibu moja kwa moja, hivyo kilima huweza kumkinga msikilizaji aliye bondeni. Baada ya redio huja mawimbi ya simu za mkononi, kisha miale ya joto tuionayo kwa ngozi mbele ya jiko, kisha mwanga. Mawimbi ya mwanga mwekundu yapatayo 1,400 huenea katika milimita moja. Yaliyo mafupi zaidi ya mwanga ni miale ya urujuanimno ichomayo ngozi, halafu eksirei ya hospitali, na mwisho miale ya gama.

Elimu hii ina faida kubwa nyumbani. Uonapo umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo, kisha gawanya kwa 3. Hizo ndizo kilomita baina yako na radi. Sekunde 9 ni kilomita 3. Zikiwa pungufu ya 30, hatari iko karibu. Acheni jembe, tokeni chini ya mti, ingieni katika nyumba imara au gari lililofungwa, msishike nyaya wala bomba, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu hakumkingi mtu. Na aliyepigwa habaki na umeme mwilini: mshikeni bila hofu, na kama hapumui asaidiweni kupumua na kubonyezwa kifua, huku mkitafuta njia ya kumfikisha hospitali upesi.

Mwaka 2018 radi iliwaua wanafunzi kadhaa katika shule moja ya Geita, jirani zetu. Misiba kama hiyo inapotokea, huku Kanda ya Ziwa kidole huelekezwa upesi kwa bibi kizee mwenye macho mekundu, macho aliyopewa na moshi wa kuni alizotupikia. Huo ni msiba wa pili, nao tunautenda sisi wenyewe. Qur'ani ina sura nzima, ya 13, iitwayo Ar-Raad, yaani Ngurumo. Yeye aliyeumba mbingu hakumpa bibi kizee radi ya kutuma.

Wazazi, wafundisheni watoto kuhesabu. Anayetafuta mwanga wa elimu hana haja ya kutafuta wanga kijijini.