Kwanza Bafu, Kisha Sebule

Msomaji, ukipita katika vilima vya Kericho na Bomet baada ya wakulima wadogo wa chai kupokea malipo yao ya mwisho wa mwaka, yale ambayo wenyewe huyaita bonasi, utaona misingi ya nyumba mpya ikichimbwa huku na huku, toka Litein hata Mogogosiek. Jambo hili ni jema, wala simlaumu ajengaye kwa jasho lake. Nilaumulo ni utaratibu wake. Humwita fundi akamwonyesha mahali pa sebule, na ukuta utakaoegemewa na makochi, na dirisha litakalotazama barabara, kisha vyumba vya kulala, kisha jiko. Hayo yote yakiisha, ikabaki pembe ya giza isiyofaa kwa kitu kingine, fundi huambiwa: hapa tia bafu. Nasema kwamba utaratibu huu umesimama kwa kichwa. Bafu na choo ndivyo vinavyostahili kuchorwa kwanza, na sebule ipewe mahali palipobaki.

Yamkini utacheka. Lakini fikiri. Kochi huhamishwa na watu wawili kabla chai haijapoa, na dirisha la sebule laweza kuzibwa hapa na kutobolewa pale. Maji machafu hayana ila njia moja, nayo ni ya kuteremka. Bomba la choo lenye upana wa milimita 100 hutaka mteremko wa sentimita mbili na nusu hivi kwa kila mita. Aliyeweka bafu upande wa juu wa kiwanja, na shimo la maji machafu upande wa chini, amelazimika kupitisha bomba chini ya nyumba nzima. Na siku litakapoziba, vigae vile vile alivyovinunua kwa kujivunia ndivyo vitakavyovunjwa kwa nyundo.

Tena nchi yetu ni ya vilima, na chini ya kilima aghalabu pana chemchemi, na kwenye chemchemi pana mtoto wa jirani mwenye mtungi. Mvua ya Kericho hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo wetu mwekundu una kina kirefu na hunywa maji upesi. Sifa hiyo ipendwayo na mchai ndiyo ichukuayo uchafu wa aliye juu na kumpelekea aliye chini. Kwa sababu hiyo wataalamu wa afya hushauri shimo la choo liwe mbali na kisima au chemchemi kwa mita 30 angalau, na kitako chake kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu. Mashamba yetu yanazidi kuwa membamba kila yagawanywapo kwa wana. Katika shamba jembamba mita 30 hazipatikani baada ya nyumba kukaa katikati yake. Hupatikana kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, au hazipatikani kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yafaayo na ya usafi wa kiwango cha kuridhisha. Kila mtu, nadhani, ni pamoja na yule wa chini ya kilima.

Wako wasemao: bafu la ndani ni la watu wa mji, sisi hatuna maji ya mfereji. Hoja hii naisikia mara nyingi, na mara nyingi huisikia huku mvua ikipiga mabati juu ya kichwa cha msemaji. Na tufanye hesabu ya darasa la sita. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 hupokea basi kama lita 200,000 kwa mwaka. Toa robo nzima kwa maji yamwagikayo na yavukizwayo na jua. Zitabaki lita 150,000, yaani lita 400 na zaidi kwa kila siku ya mwaka. Choo cha siku hizi husafishwa kwa lita sita. Kwa hiyo tunalokosa ni mfereji wa paa na tangi la kutuvusha Januari na Februari. Bafu likipakana na jiko kwa ukuta mmoja, na tangi likasimama nje ya ukuta huo, mabomba yatakuwa mafupi na gharama itapungua. Lakini hilo nalo haliwezekani kwa bafu lililotupwa pembeni baada ya kila kitu.

Wengine husema kwamba choo ndani ya nyumba si desturi ya Mwafrika. Hao na wasafiri hadi pwani. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, mji ulioachwa tangu karne ya 17, vyoo vimo ndani ya nyumba za mawe. Katika nyumba za kale za Lamu bafuni mlikuwa na birika la maji, na ndani ya birika samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Watu hao hawakungoja kufundishwa na mgeni.

Hata hivyo simlazimishi mtu kuingiza choo ndani. Choo cha shimo kilichojengwa vyema, chenye mfuniko na bomba la hewa, kinapita kwa mbali choo cha ndani kinachonuka. Harufu huzuiwa na maji kidogo, milimita 50 hivi, yakaayo katika shingo ya bomba lililopindwa. Hila hiyo Alexander Cumming aliipatia hataza huko Uingereza mwaka 1775. Fundi akikuambia bomba la moja kwa moja ni rahisi zaidi, amesema kweli, na wewe umkatalie. Dirisha nalo lifunguke nje, si katika ujia.

Mwisho ni mlango. Bibi yako mwenye miaka 80 ataingia humo usiku, kwa fimbo, sakafu ikiwa na majimaji. Mlango uwe na upana wa sentimita 80, sakafu isiwe ya vigae vya kung'aa, na ukutani pawe na chuma cha kushika. Nao mlango ufunguke kwa nje, kwa kuwa aangukaye ndani huuziba kwa mwili wake, na wa kumwokoa hawezi kuusukuma. Seremala atanung'unika kwamba utagonga ukuta wa ujia. Mwambie aufungue nje vivyo hivyo.