Huru Si Bure

Mimi ni kijana wa miaka 19, wa Kidato cha Sita. Wenzangu hunicheka kwa kuwa kila Jumamosi alasiri, wao wakiwa uwanjani, mimi huwa katika chumba cha kompyuta. Leo nataka kuwaeleza nitafutacho mle, nami sina budi kuanza kwa kuungama kosa.

Nilipokuwa Kidato cha Pili nilinunua mjini, kwa shilingi 5,000, nakala ya programu ya kuandikia ambayo mwenyewe huiuza kwa bei kubwa. Ilikuwa nakala ya wizi, kufuli lake limevunjwa. Nilijua hayo, wala sikujali. Niliitia katika kompyuta sita za shule, nikasifiwa sana. Wiki ya tatu kirusi kilichojificha ndani yake kikaharibu kazi zote zilizokuwamo, pamoja na makala za gazeti hili. Wengi waliuliza kwa nini mwaka ule gazeti lilikuwa jembamba. Sasa mmejua.

Mwalimu wetu mmoja alipopata habari hakunichapa. Alinipa flashi yenye Linux, akasema, “Ulichokiharibu, kitengeneze.” Jumamosi tatu nilihangaika, na ya nne kompyuta zote sita zikaamka, hata ile kuukuu tuliyoiita Babu. Tangu siku hiyo sijapona ugonjwa huu, wala sitaki kupona.

Basi, Linux ni nini? Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, alitangaza nia ya kuandika mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, ambao kila mtu angekuwa na uhuru nao. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchi ya Finland, jina lake Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo kwa kujifurahisha tu, akawagawia watu kwa mtandao. Alikuwa na miaka 21, yaani miwili tu zaidi yangu. Kazi za hao wawili zikaungana, na watu wengi wa nchi nyingi wakaongeza zao. Leo simu za Android walizo nazo wazazi wetu zina kiini hicho hicho, na kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote ulimwenguni huendeshwa kwa Linux.

Programu kama hizi twaziita huru, na wengine huziita huria. Uhuru wake ni wa namna nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote; kuifungua na kusoma jinsi ilivyoandikwa; kumpa jirani nakala; na kuibadili, kisha kuwagawia wengine ulichokibadili. Waingereza wana neno moja tu kwa “bure” na “huru”, ndiyo maana hulazimika kueleza sana. Sisi tunayo mawili, basi tusiyachanganye. Programu nyingi za simu ni za bure, lakini si huru: hulipi fedha, bali walipa kwa habari zako, wala huruhusiwi kuchungulia ndani uone zafanya nini. Na ile nakala yangu ya shilingi 5,000 haikuwa bure wala huru. Ilikuwa wizi, nasi sote tuliulipia.

Faida ya uhuru huu ilionekana karibu nasi. Mwaka 2004 wataalamu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi iitwayo OpenOffice kwa Kiswahili, wakaipa jina la Jambo OpenOffice. Kwa kuwa programu ile ilikuwa huru, hawakuhitaji kumpigia mtu magoti ili watafsiri. Waliifungua, wakafanya kazi yao, wakaigawa.

Tena watu hudhani kwamba sisi wapenda mambo haya tu wakavu kama makumbi ya nazi. Sivyo. Tarehe 1 Aprili, 1990, siku ya mizaha, ulitolewa waraka wa mtandao unaoeleza jinsi ya kupeleka habari za kompyuta kwa njiwa. Mwaka 2001 chama cha wapenzi wa Linux cha mji wa Bergen, huko Norway, wakaufuata waraka ule kwa vitendo. Waliandika ujumbe karatasini, wakaufunga miguuni mwa njiwa, wakawarusha. Walituma jumbe 9, yakarudi majibu 4, na lililowahi lilichukua zaidi ya dakika 50. Niliposoma habari hii nilicheka mpaka mwalimu wa zamu akaja kutazama. Lakini baadaye nilifikiri. Walimfungulia njiwa mlango katika mtandao kwa sababu kanuni za mtandao zimeandikwa wazi, na mfumo wao ulikuwa wazi pia. Katika nyumba iliyofungwa huwezi kucheza hivyo. Na mtoto asiyechezea kitu, hakijui.

Najua majibu ya wenzangu. Wasema: ofisi za mjini hutumia programu za kulipia, tutaajiriwa vipi? Ni kweli kwamba barua iliyoandikwa kwa programu moja pengine huvurugika kidogo ikifunguliwa kwa nyingine, yamenipata mwenyewe. Lakini aliyejifunza kupanga barua na hesabu hapotezwi na kitufe kilichohama mahali. Wengine wasema: kitu kilicho wazi kwa wote, hata mwizi hukiona. Hili ni neno zito zaidi, nami sitalikwepa.

Mwaka 2014 lilivumbuliwa kosa lililoitwa Heartbleed katika programu huru ya OpenSSL, ambayo tovuti nyingi mno duniani huitumia kulinda siri za watu. Kosa lile lilikaa humo kwa miaka miwili, mbele ya macho ya wote, nalo lingeweza kumfunulia mwizi siri za watu. Kwa nini halikuonekana? Kwa sababu makampuni makubwa yalikuwa yakiitumia, na walioitunza walikuwa wachache mno, tena hawana fedha za kutosha. Kila mtu alidhani mwenzake anatazama. Mlango wazi haulindi nyumba ikiwa hakuna anayetazama.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shule yetu imekuwa mgeni wa watu hawa muda mrefu. Tumekula, tumeshiba, wala hatujalima hata tuta moja. Nathubutu basi kuleta mashauri matatu.

Kwanza, kila nakala ya wizi iliyobakia katika kompyuta za shule iondolewe kabla ya muhula huu kwisha. Haifai tufundishwe asubuhi kwamba wizi ni dhambi, kisha alasiri tuandike insha kwa programu ya wizi. Nami niko tayari kuifanya kazi hiyo.

Pili, nasikia wanafunzi wa zamani wanachanga fedha za kununulia leseni za programu. Twawashukuru sana. Lakini nawaomba, ndugu zetu, fedha hizo zinunue diski na kumbukumbu za kompyuta kuukuu. Programu zenyewe tunazo kwa halali. Na anayeifahamu kazi hii, siku ya kuja kututembelea, atupe saa moja ya kutufundisha.

Tatu, sisi wanafunzi tuanze chama cha Jumamosi: kutafsiri maneno, kuripoti makosa, kusahihisha Kiswahili kibovu. Si kazi ya mabingwa peke yao. Mwezi uliopita niliona neno la Kiswahili limekosewa katika mchezo mmoja wa watoto, nikapeleka sahihisho. Baada ya siku nne mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoifika, alinijibu asante, na neno likabadilishwa. Ni neno moja tu. Lakini kila mtoto atakayeufungua mchezo ule kwa Kiswahili atalikuta limenyooka.

Niliharibu kurasa za gazeti hili. Nimejaribu kulipa kwa ukurasa huu. Mimi natoka shule mwaka huu. Babu bado anaamka kila asubuhi, naye atahitaji mtu wa kumtunza. Jembe liko pale pale, katika chumba cha kompyuta, na mlango hufunguliwa Jumamosi saa nane.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita