Panki si mtindo wa nywele tu



Nimerudi. Nilikuwa Kagera, upande ule wa Ngara na Biharamulo, kule ambako Tanzania inaishia na Rwanda na Burundi zinaanza. Nimerudi na vumbi kwenye viatu na deni moyoni. Leo nataka kupunguza hilo deni.

Tuanze na nywele. Nilikaa kwenye kiti cha kinyozi pale Benaco, Ngara. Ukutani lilikuwepo lile bango la picha za vichwa, kila kichwa na namba yake. Kinyozi akaniuliza, "Kaka, nikupige panki?" Nikacheka. Kwetu panki ni mtindo wa kunyoa: pembeni zinaondoka, juu zinabaki. Wangapi kati yetu tunajua kwamba panki ni muziki, na kwamba zile nywele zilikuja nyuma yake kama mkia? Tuliletewa mkia, ng'ombe akabaki huko huko.

Ng'ombe mwenyewe ni huyu. Mwaka 1976 na 1977 vijana wengi wa Uingereza hawakuwa na kazi, na muziki wa rock ulikuwa umekuwa mali ya watu wenye studio kubwa na majumba makubwa. Vijana wakasema: gitaa hatulijui vizuri, lakini tutalipiga hivyo hivyo. Kundi moja la Manchester, Buzzcocks, halikusubiri kampuni. Walikopa kama pauni 500, wakarekodi nyimbo nne, na Januari 1977 wakatoa santuri 1,000 chini ya lebo yao wenyewe. Zikaisha. Wakachapa nyingine. Wenzao waliandika vijigazeti kwa mkono na taipu, wakatoa fotokopi, wakauza mlangoni kwenye maonyesho.

Alikuwepo pia binti mmoja aliyejiita Poly Styrene, ambaye baba yake alikuwa Msomali. Naye hakusubiri. Aliona onyesho la Sex Pistols mwaka 1976, akaweka tangazo gazetini kutafuta wenzake, akaunda kundi la X-Ray Spex na kuanza kuimba huku ana waya kwenye meno. Damu ya Afrika Mashariki ilikuwepo pale tangu mwanzo.

Wengi wakitaja panki na siasa wanataja Sex Pistols, walioimba dhidi ya Malkia mwaka 1977, mwaka wa jubilii yake, BBC ikaupiga wimbo marufuku. Ni kweli, ilikuwa vurugu kubwa. Lakini mimi naona siasa kubwa zaidi ilikuwa kwenye zile pauni 500 za kukopa. Kumtukana mtawala kwa spika ya kukodi ni rahisi. Kazi ni kuwa na spika yako.

Sasa mnaniuliza: hayo yanamhusu nini kijana wa Ngara? Subirini niwaambie.

Mwaka 2015 ndiyo kwanza nimeanza kazi hii ya kalamu. Nilifika Ngara na msafara wa kampeni. Jina la mgombea silitaji, na chama chake sikitaji, maana jambo ninalosema halina rangi ya fulana. Huko nikakutana na vijana watatu. Walikuwa na studio, kama utaiita studio: chumba kimoja cha udongo, ukutani trei za mayai na blanketi kuukuu kuzuia mwangwi, kompyuta ya mitumba na kipaza sauti kimoja kilichofungwa kwa utepe. Umeme ukikatika, wanalala. Nyimbo zao walizitengeneza wenyewe, kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kihangaza. Hakuna redio ya Dar es Salaam ambayo ingezipiga, na wao hawakuwa wakiiomba.

Unajua zilivyosambaa? Kinyozi alizirusha kwenye memori kadi za wateja. Wateja wengine ni utingo wa malori na makondakta wa mabasi. Gari likitoka Rusumo au Kabanga linapita Benaco, linashuka Lusahunga, linafika Nyakanazi kule Biharamulo, kisha Kahama na kuendelea. Wiki hiyo hiyo niliusikia wimbo wao Nyakanazi, kwenye kibanda cha chipsi, na muuza chipsi hakujua ni wa nani. Alijua tu kwamba ni mkali. Vijana wale hawakuwahi kulisikia jina la Buzzcocks, wala hawakulihitaji.

Wimbo wenyewe ulihusu bomba la maji la kijiji. Bomba lilizinduliwa kwa utepe na ngoma, likatoa maji kwa miezi, likakauka. Walikuwa wanauliza kwa utani na uchungu: maji yalikwenda wapi, na ule mkasi uliokata utepe uko kwa nani?

Watu wa mgombea waliusikia. Wakawafuata vijana na laki tatu na ahadi ya kupanda jukwaani lenye spika kubwa kuliko nyumba yao. Masharti? Kidogo tu. Ondoeni bomba, wekeni jina la mheshimiwa. Mdundo ubaki ule ule.

Wakakubali. Ungekuwa wewe ungekataa? Laki tatu Ngara, mwezi wa njaa? Mimi siwahukumu, na nina sababu nzuri ya kutowahukumu. Jioni ile na mimi nilipewa bahasha. "Nauli ya mwandishi," waliita. Nikaandika kwamba vijana wa Ngara wamejitokeza kwa hiari yao kumuunga mkono mheshimiwa. Nilijua bomba lilikuwa limekauka, kwa sababu niliuliza maji ya kunawa nikapewa ya ndoo. Sikuandika hata mstari mmoja juu ya bomba. Wao waliuza wimbo, mimi niliuza macho yangu. Bei yangu ilikuwa ndogo kuliko yao.

Hilo ndilo deni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia sana habari za wanamuziki wetu na siasa. Mwaka 2011 Sugu, ambaye tayari alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini, na wenzake waliojiita Vinega walitoa Anti-Virus, wakililalamikia soko la muziki kushikwa koo na redio moja kubwa ya Dar es Salaam. Ukiwapenda au usiwapende, waliuliza swali sahihi: mlango ni wa nani?

Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", na BASATA ikaufungia. Siku iliyofuata Rais Magufuli, mtu aliyeingia bungeni mwaka 1995 kwa kura za Biharamulo Mashariki, akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Tena akapendekeza uongezwe mistari, wataje na wakwepa kodi. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Nilipolala usiku nikajiuliza: tunashangilia nini hasa? Asubuhi wimbo unafungwa kwa amri, jioni unafunguliwa kwa amri. Amri ya jioni ni tamu, lakini ni amri ile ile. Wimbo unaohitaji ruhusa ili uwe huru bado una mwenyewe, na mwenyewe si mwimbaji.

Basi dawa ni kila mtu awe na spika yake, tumalize? Hapana. Ngara inanikataza kusema hivyo kirahisi.

Kutoka Benaco hadi daraja la Rusumo si mbali. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu kama robo milioni walivuka pale kutoka Rwanda ndani ya saa 24, wakapiga kambi Benaco. Wazee wa Ngara wanakumbuka. Nyuma ya watu wale kulikuwa na mauaji ya kimbari, na kwenye mauaji yale kulikuwa na redio na muziki. RTLM haikuwa redio ya serikali. Ilikuwa redio ya watu binafsi, yenye utani, yenye nyimbo kali, iliyopendwa na vijana. Nyimbo za Simon Bikindi zilipigwa humo. Desemba 2008 mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ilimhukumu Bikindi miaka 15 jela. Na zingatieni: hakutiwa hatiani kwa nyimbo zake. Alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyatoa Juni 1994 kwa kipaza sauti, akiwa kwenye msafara wa magari, akichochea Watutsi wauawe.

Msafara na kipaza sauti. Silinganishi kampeni zetu na unyama ule, Mungu atuepushe. Nasema tu kwamba kipaza sauti hakina dini. Kinabeba chochote.

Na hapo hapo Ngara ikatoa jibu lake. Mwaka 1995 Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera kwa ajili ya watu wa makambi na wenyeji. Kwizera maana yake ni kutumaini. Mitambo ni ile ile, na watu ni wale wale waliokwisha kuchomwa na redio nyingine. Kilichobadilika ni nani anajibu kwa kinachosemwa.

Ndiyo maana siku hizi naielewa panki tofauti. Fanya mwenyewe ni nusu ya sentensi. Nusu ya pili ni jibu mwenyewe. Mwenye kukodishwa daima ana pa kujificha: nilitumwa, nililipwa, mhariri ndiye aliyetaka, mheshimiwa ndiye aliyesema. Mwenye spika yake, kalamu yake na jina lake juu ya ukurasa hana pa kujificha. Watu wanaiogopa panki kwa sababu ya kelele zake. Mimi naiogopa kwa sababu inaninyima kisingizio.

Turudi Benaco. Yule kinyozi aliyeniuliza habari ya panki ni mmoja wa wale watatu. Nilimtambua akiwa ameshaninyoa nusu. Yeye alikuwa amenitambua tangu nilipoingia.

"Wewe ndiye mwandishi," akasema. Mashine iko shingoni kwangu.

Nikasema ndiyo.

Akanieleza yaliyotokea. Laki tatu ziliisha kabla ya matokeo kutangazwa. Kijijini wakawa wanazomewa na watoto kwa jina la mheshimiwa. Wakaacha kuimba karibu mwaka mzima. Kisha mmoja akaendesha bodaboda, mwingine akalima maharage, yeye akashika mashine, wakachangishana kidogo kidogo wakanunua spika mbili na jenereta ndogo. Sasa wanapiga kwenye harusi na minada, na wanaufungua kwa wimbo wa bomba, maneno ya kwanza kabisa. Mwaka 2020 watu wa kampeni wakaja tena.

"Mkawaambiaje?"

"Tuliwaambia spika tunakodisha, bei ni hii. Wimbo hatukodishi."

"Wakakubali?"

"Walikodi kwingine." Akapuliza nywele kwenye mashine. "Ile wiki tulikula ugali na chumvi, kaka. Usiandike kwamba ilikuwa raha."

Sijaandika kwamba ilikuwa raha. Mjue hivyo. Uhuru wa vijana wale una bei, na mara nyingi bei hiyo ni chakula. Mtu aliyeshiba Dar es Salaam asiwaimbie wimbo wa msimamo. Akitaka kusaidia, awaalike wapige na awalipe kama anavyomlipa fundi.

Na bomba? Nilikwenda kuliangalia, kitu ambacho nilipaswa kukifanya mwaka 2015. Liko pale pale. Koki imeng'olewa. Jiwe la uzinduzi bado limesimama, jina na tarehe vinasomeka vizuri kabisa. Akina mama wanapita na ndoo kuelekea mtoni.

Habari hiyo imechelewa kwa zaidi ya miaka kumi. Leo nimeiandika, na hakuna aliyenipa nauli.

Nilipomlipa kinyozi alikataa chenji isibaki. Akanirudishia mpaka shilingi ya mwisho. Nikaelewa.

Naomba kutoa hoja.