Hamsini kwa mia, pima na hiro: kompyuta haijui unamaanisha nini

Nimekuwa kimya siku kadhaa, na sababu ni programu ndogo niliyodhani ingenichukua saa moja.

Dalali mmoja wa ploti hapa Nyeri mjini aliniomba nimtengenezee ukurasa wa kugeuza vipimo. Mteja anaandika eka au futi, anapata hekta. Kazi rahisi, au sivyo? Unazidisha, unaonyesha jibu, unaenda kunywa chai.

Siku ya kwanza tu, mzee mmoja mwenye ploti upande wa Karatina aliandika "thumni ya eka". Programu ikajibu hekta 0.0506. Hati yake inasema 0.045. Akanigeukia: "Kijana, kwa hivyo niliibiwa?"

Sikuwa na la kumjibu. Hesabu yangu ilikuwa sawa, na hati yake pia haikuwa na kosa. Tazameni:

- Thumni kamili ya eka ni futi za mraba 5,445, yaani mita za mraba 505.9.
- "Hamsini kwa mia", ambayo sokoni watu huiita thumni, ni futi za mraba 5,000, yaani mita za mraba 464.5.
- Ploti hiyohiyo ikichorwa kwa mita, 15 kwa 30, inakuwa mita za mraba 450. Hiyo ndiyo hekta 0.045 ya mzee.

Jina moja, vipimo vitatu. Kati ya cha kwanza na cha mwisho kuna karibu mita za mraba 56. Hapo unajenga nyumba ya chumba na sebule, na nafasi ya kuanika nguo inabaki.

Nilipoanza kutafuta kama wengine wamenaswa na mtego huu, nilijikuta baharini. Najua, sisi wa mlimani bahari tunaionea Mombasa wakati wa likizo. Lakini mabaharia wana kisa hikihiki, na chao kinaeleweka haraka.

Watu wa Pwani hupima kina na kamba kwa pima: unyooshe mikono yote miwili, kutoka ncha ya vidole hadi ncha ya vidole. Waingereza wana kipimo kilichozaliwa hivyohivyo, wakakifunga kwenye futi 6, ambazo leo ni mita 1.8288 kamili. Wajapani nao wana hiro, mikono hiyohiyo iliyonyooshwa, wakaifunga kwenye shaku 6. Sheria yao ya mwaka 1891 iliweka shaku kuwa mita 10 gawanya kwa 33, kwa hiyo hiro ni mita 1.818.

Kugeuza hiro kwenda pima ya Kiingereza basi ni kuzidisha kwa 0.994. Tofauti ni sentimita moja hivi kwa kila pima. Kwenye kina cha pima 100 unakosea mita moja na kidogo. Programu yoyote inaweza hilo.

Shida ni kwamba hiro si moja. Kuna pia hiro ya shaku 5, na wavuvi wa Japani hadi leo hukisia hiro moja kuwa kama mita 1 na nusu. Mvuvi akikwambia samaki wako hiro 20 chini, anamaanisha mita 30. Ukitumia hiro ya sheria unapata mita 36, na ndoano yako inalala kwenye matope. Hata shaku yenyewe ina ndugu: shaku ya nyangumi, ya kupimia nguo, ni ndefu kuliko ya kawaida kwa robo nzima.

Maoni yangu ni haya. Sisi waandishi wa programu tunapenda kubishana kuhusu desimali, ilhali hasara kubwa iko kwenye jina. Kuandika 1.818 badala ya 1.81818 hakumuumizi mtu. Kudhani unajua ni hiro gani, au ni thumni gani, kunaumiza. Programu isiyojua inapaswa kuuliza, na ihifadhi neno alilolisema mtu pamoja na namba iliyotokana nalo. Ukitupa neno ukabaki na namba, hakuna atakayeweza kurudi nyuma kuona kosa lilianzia wapi.

Kwa hiyo nimebadilisha ukurasa. Ukiandika "thumni", haukupi jibu. Unakuuliza: ya eka kamili, hamsini kwa mia, au 15 kwa 30? Dalali hakufurahi. Anasema maswali yanawachelewesha wateja.

Mzee nilimchapishia namba zote tatu kwenye karatasi moja. Alikuwa karibu kulipia ploti ya pili, jirani na ile ya kwanza, kwa bei ya "thumni". Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema atarudi kwa muuzaji na futi ya kupimia kabla ya kutoa hata shilingi.

Wacha wachelewe kidogo. Kazi njema, wadau.