Fundi wa Mwanjelwa apewe chaki

Na Msafiri wa Uyole

Juni ikishaingia, Mbeya nzima huwa ndani ya makoti. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri ya Uyole haina huruma na mtu aliyetoka na kitenge kitupu. Hata hivyo, daftari la michoro la mwanafunzi wa ubunifu wa mavazi wa hapahapa mara nyingi limejaa magauni ya mabega wazi na mikono mipana ya shifoni. Mavazi ya Masaki, kwenye joto la Dar es Salaam, hayo. Koti halimo.

Huwezi kumlaumu. Mishono anayoiona kwenye simu ndiyo anayoichora, na jukwaa analoliota liko Dar es Salaam. Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na mbunifu Mustafa Hassanali mwaka 2008, imekuwa na shindano la wabunifu chipukizi, na hilo ni jambo jema. Hassanali mwenyewe alisomea udaktari wa binadamu, kwa hiyo hakuna wa kudai kwamba njia ya kuingia katika mitindo ni moja. Ila jukwaa hupokea nguo iliyokwisha. Dakika chache za taa na muziki hazimwelezi binti kwa nini bega la gauni lake limevutika, wala kwa nini zipu imeacha wimbi mgongoni.

Hayo huelezwa mezani, mkasi ukiwa mkononi. Alexander McQueen, Mwingereza aliyekuja kuitikisa dunia ya mitindo, aliacha shule akiwa na miaka 16 akaenda kuwa mwanagenzi kwa washona suti wa Anderson & Sheppard, mtaa wa Savile Row, London. Alipohitimu Central Saint Martins mwaka 1992, mkono wake ulishajua kukata koti. Vituko vyote alivyopandisha jukwaani baadaye, na vilikuwa vingi, vilisimama juu ya ukataji huo.

Mbeya haina Savile Row, lakini ina Mwanjelwa. Huko na katika mitaa ya Kabwe na Sokomatola kuna mafundi walioshona sare za shule, majoho ya kwaya na suti za harusi tangu wateja wao wa leo hawajazaliwa. Fundi wa namna hiyo humtazama mteja anavyosimama, akaona bega moja limeshuka, akakata kitambaa kufuata mwili huo bila kumfedhehesha mwenyewe. Ukimpa kitenge chenye maua makubwa, anajua pa kuanzia kukata ili ua lisikatike kifuani. Anajua pia kusema hapana, pale mteja anapoleta yadi tatu na picha ya gauni la yadi sita.

Mwanjelwa kuna mwalimu mwingine, asiyelipwa hata senti: koti la mtumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kuwafutia unafuu wa ushuru wa mpango wake wa AGOA, na ni Rwanda pekee iliyobaki na msimamo wake. Mjadala huo una mahali pake. Kwa mwanafunzi, koti la sufu lililochakaa ni kitabu cha bei nafuu kuliko chochote kilicho dukani. Alinunue, alifumue lote kwa wembe, alaze vipande juu ya karatasi na kuvichora. Ataona kwamba mkono wa koti zuri hukatwa vipande viwili ili ufuate mkunjo wa kiwiko. Ataona kitambaa kigumu kilichofichwa kifuani, kikashikizwa kwa nyuzi ndogondogo za mkono ili kola ijilaze yenyewe, na bitana iliyoachiwa nafasi kidogo mgongoni ili isichanike mvaaji anapoinama. Kisha alishone upya, mara hii kwa kitenge kilichovuka mpaka wa Tunduma. Safu hii ingelipia kiingilio kuliona koti hilo.

Tatizo ni kwamba hakuna anayempeleka mwanafunzi akafundishwe na fundi wa Mwanjelwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inafundisha ubunifu, ushonaji na teknolojia ya nguo, na wanafunzi wake hupelekwa fildi. Ina pia utaratibu mzuri wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa, akapewa cheti. Lakini cheti hicho kikiishia kutundikwa ukutani, tumemheshimu nusu. Fundi aliyepimwa na kuthibitishwa aingie karakana ya chuo kufundisha, kwa malipo, hata siku mbili kwa wiki. Asipolipwa kwa muda wake, mwanafunzi wa fildi ataishia kupiga pasi na kukata nyuzi, na fundi atakuwa na haki yake: ana sare za watu za kumaliza.

Iringa si mbali na sisi, na jambo hili wanalielewa. Neema Crafts, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilianzishwa mwaka 2003 na Susie Hart, msanii kutoka Uingereza, akiwa na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye zikaja kazi nyingine, zikiwamo ufumaji na ushonaji, na ajira kwa watu wengi wenye ulemavu. Mtaalamu alikaa na wanafunzi wake mezani, na bidhaa zikauzwa.

Wabunifu wakubwa wa Dar es Salaam nao wanakaribishwa, ila waje Julai, na waache viti vya majaji nyumbani. Wiki mbili za kukata makoti pamoja na fundi wa Mwanjelwa zinatosha kwa kuanzia. Fedha? Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kikundi cha ushonaji kinaweza kuombea vyerehani. Fundi wa kukifundisha kikundi hicho hana fungu, na bajeti ya mwaka ujao ndiyo mahali pa kumtafutia.