Shemeji, Usiiguse Ile Nati!

Mwezi huu tuyaweke pembeni mambo ya nani hapokei simu ya nani, tuzungumze gari. Najua shoga yangu ushaanza kugeuza ukurasa. Hebu subiri kwanza. Kwa wengi wetu tuliooana na kukopa tungali vijana, gari ndiyo mali kubwa ya kwanza tuliyonunua pamoja, na ndilo linalompeleka mtoto shule asubuhi. Springi zake zikichoka mnaumia wote.

Utajuaje zimechoka? Liegeshe gari mahali tambarare bila mzigo, rudi nyuma hatua kumi ulitazame kama unavyomtazama mtu anayechechemea. Upande mmoja umelala? Ukiwapakia mashangazi watatu kwenda kwenye sendoff, tairi linasugua madigadi? Kisha chungulia koili ya chini kabisa. Kwa sisi wa pwani kutu hupenda kuanzia pale rangi ilipobanduka, na springi inaweza kukatika huko chini usigundue, kwa sababu gari bado linatembea.

Halafu tusichanganye springi na shokapu. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudundadunda. Gari lililolala haliinuki kwa shokapu mpya, hata fundi akuapie.

Sasa akina baba wengi, wa kwangu akiwemo, wakishatazama video mbili tatu wanaamua kazi ifanyike nyumbani. Mimi sipingi. Hela ya ufundi inabaki ndani, na mnajua kila bolti imekazwa na nani. Nunueni springi kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari litaendelea kulala upande. Kama ni za mtumba kutoka Gerezani, zisimamishe ubavu kwa ubavu palepale dukani, uhesabu koili na kulinganisha urefu. Zile raba za kuchomeka katikati ya koili ili gari liinuke, mimi binafsi sizipendi. Ni sawa na kumpaka mgonjwa poda.

Letu ni Toyota IST la toleo la kwanza, lile lililotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, na kwenye gari la namna hii nyuma na mbele ni kazi mbili tofauti kabisa.

Nyuma ni rahisi. Springi imekaa peke yake, shokapu peke yake. Magurudumu ya mbele yawekee mawe, inua, weka stendi mbili imara chini ya bodi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Toa matairi, ishikilie ekseli kwa jeki, fungua bolti za chini za shokapu zote mbili, kisha ishushe taratibu huku mtu wa pili akiangalia paipu za breki zisivutike. Mtu wa pili nilikuwa mimi, na kanga yangu kiunoni. Springi inalegea unaitoa kwa mkono. Mpya ikiingia, raba zake zikae sawasawa na ncha ya koili itulie kwenye kikalio chake.

Mbele ndipo tulipokunjiana sura.

Huku springi imeivaa shokapu, vimefungwa pamoja kama mguu mmoja. Mtindo huu unaitwa kwa jina la injinia Mmarekani, Earle MacPherson, na ulianza kuonekana kwenye magari ya Ford karibu na mwaka 1950. Juu ya mguu, katikati, kuna nati moja. Hiyo ndiyo inayoizuia springi isifyatuke. Na hapa ndipo wengi wanapojidanganya: hata ukishautoa mguu wote ukaulaza sakafuni, springi bado imebanwa, tena kwa nguvu ya mamia ya kilo. Fungua ile nati kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake, na vyuma vinaruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Ni kazi iliyokwisha kuua watu.

Baba watoto akaja na waya. "Mama, mbona mafundi wanafunga waya tu?"

Nikamjibu, "Mafundi wana wake zao. Mimi nina wewe."

Alinuna, akanywa chai yake peke yake kibarazani. Sikurudi nyuma. Kuna mambo namwachia aamue ili amani iwepo, rangi ya geti kwa mfano. Hili halimo. Nami naliendesha gari hilo, na mtoto wetu wa miaka mitano alikuwa anazungukazunguka hapohapo akitaka kushika spana.

Tulipatana hivi: miguu tutaitoa wenyewe, kuibana tutamwachia mwenye mashine. Spana 21 kwa nati za tairi. Klipu ya paipu ya breki na waya wa ABS vikaachanishwa, ikafuata linki ya stabilaiza, halafu zile bolti mbili nene za chini, ambazo alizichorea alama kwanza ili zirudi palepale. Mwisho nati ndogo za juu zinazoshika bodi, za pembeni tu, ile ya katikati asiiguse. Tukaipakia miguu miwili kwenye bajaji hadi gereji yenye mashine ya kubania springi. Fundi alimaliza yote miwili kabla soda yangu haijaisha.

Wenye kifaa chao nyumbani, ndoano zake mbili zitazamane, zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, na mtu asikae usawa wa ncha ya springi. Watoto wawe ndani, mlango umefungwa.

Wakati wa kurudisha, bolti zenye bushi za raba zikazwe mwisho kabisa gari likiwa limesimama kwa matairi yake, maana ukizikaza likiwa hewani raba zinajikunja na kuchanika mapema. Endesha siku chache, kaza tena, kisha peleka alaimenti. Taa za mbele nazo zipimwe, kwa sababu gari likipanda, mwanga nao unapanda kwenye macho ya wenzio.

Springi kuukuu mpeni mnunua chuma chakavu. Zetu alizichukua Jumatatu.